Kuzidisha Mabano na Kutafuta Mraba Bila Kupoteza Kipande cha Katikati: Mwongozo Kamili kwa Anayejiandaa na Mtihani wa Aljebra

Mpe mwanafunzi (x + 6)² naye ataandika x² + 36, kisha atasonga kwenye swali linalofuata bila wasiwasi wowote. Nimelisahihisha kosa hili mara nyingi kiasi kwamba sasa huangalia katikati ya jibu kabla ya kuangalia mwanzo wala mwisho wake, kwa sababu hapo ndipo kipande hupotea. Linalosikitisha ni kwamba wengi wanaolifanya wanaijua kanuni, na ukiwauliza kwa mdomo wataitaja neno kwa neno. Walichokosa ni mazoea ya kuandika hatua zinazoizaa kanuni hiyo, na mazoea hayo ndiyo yanayojengwa hapa.

Maneno machache yatatumika kwa maana moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtajo ni mkusanyiko wa namba na herufi, kama 3x − 5. Kipande ni kila sehemu ya mtajo inayotenganishwa na nyingine kwa alama ya kujumlisha au ya kutoa, kwa hiyo 3x − 5 ina vipande viwili. Mraba wa mtajo ni jibu unalolipata ukiuzidisha mtajo huo kwa wenyewe.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la miraba, au karatasi ya kawaida na rula.
- Penseli, pamoja na kalamu ya rangi tofauti kwa ajili ya alama za kutoa.
- Miraba ya namba kuanzia 1 hadi 15, ikiwa moyoni. Ukisita kwenye 13² = 169 au 14² = 196, ikariri kwanza.
- Saa, ambayo utaihitaji katika hatua ya mwisho tu.

Kikokotoo kiweke mbali. Namba zitakazotumika hapa zimechaguliwa ili uweze kuzihesabu kwa kichwa na penseli.

Hakikisha pia mambo matatu unayafanya bila kufikiri. La kwanza, x × x ni x², wala si 2x. La pili, hasi mara hasi ni chanya, na hasi mara chanya ni hasi. La tatu, vipande hujumlishwa pale tu vinapofanana kwa herufi na kwa kipeo, yaani ile namba ndogo ya juu: 5x na 2x hufanya 7x, lakini 5x² na 2x hubaki kama vilivyo. Mtu anayetetereka katika mojawapo ya haya atapata majibu yasiyo sahihi hata akifuata hatua zote kwa uaminifu.

## Hatua ya 1: Kiache kila kipande kibebe alama yake

Kabla hujazidisha chochote, soma mtajo na utenge vipande vyake pamoja na alama zake. Katika (x − 7), vipande ni x na −7. Alama ya kutoa si ukuta unaosimama kati ya x na 7. Ni mali ya 7, na itaifuata 7 popote itakapokwenda.

Andika kila kipande chenye hasi kwa ile kalamu ya rangi tofauti. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa la kitoto, lakini makosa mengi ya alama huanzia hapa, mtu anapozidisha 7 badala ya −7 kisha akajaribu kukumbuka baadaye kama jibu lilipaswa kuwa hasi.

Umefaulu iwapo unaweza kutazama (−2x − 3) na kusema papo hapo kwamba vipande vyake ni −2x na −3.

## Hatua ya 2: Zidisha kwa jedwali, mara nne kamili

Tuchukue (x + 4)(x − 7). Chora jedwali lenye visanduku vinne. Vipande vya mabano ya kwanza viandike kando, vipande vya mabano ya pili viandike juu, kisha jaza kila kisanduku kwa zao la kipande cha kando yake na cha juu yake.

| | x | −7 |
|---|---|---|
| x | x² | −7x |
| 4 | 4x | −28 |

Sasa kusanya vilivyomo: x² − 7x + 4x − 28. Vipande viwili vya kati vinafanana, kwa hiyo viunganishe: −7x + 4x = −3x. Jibu ni x² − 3x − 28.

Kwa nini visanduku vinne, si viwili? Tazama 14 × 23. Ukiigawa 14 kuwa 10 + 4, na 23 kuwa 20 + 3, utazidisha hivi: 10 × 20 = 200, 10 × 3 = 30, 4 × 20 = 80, na 4 × 3 = 12. Jumla ni 322, ambayo ndiyo jibu sahihi la 14 × 23. Ukizidisha makumi kwa makumi na mamoja kwa mamoja peke yake, utapata 212, na 110 zitakuwa zimepotea. Mstatili wenye urefu wa 23 na upana wa 14 una maeneo manne ndani yake, na hakuna sheria inayokuruhusu kuyaacha mawili nje. Herufi hazibadilishi jambo hili hata kidogo.

Onyo: baadhi ya wanafunzi hujumlisha namba za mwisho badala ya kuzizidisha, wakapata x² − 3x − 3. Kila kisanduku cha jedwali ni zao. Kujumlisha huja baada ya jedwali kujaa.

Ikiwa kuna namba mbele ya herufi, utaratibu haubadiliki. Kwa (3x − 5)(2x + 4), visanduku vitakuwa 6x², 12x, −10x na −20, na jibu ni 6x² + 2x − 20. Angalia kwamba 3x × 2x inazidisha namba kwa namba na herufi kwa herufi. 6x na 5x² ni majibu yasiyo sahihi ninayokutana nayo mara kwa mara.

## Hatua ya 3: Hakiki kwa 10

Hatua hii naipa uzito kuliko nyingine yoyote, na ningependa uijifunze mapema, kabla ya kufika kwenye miraba. Weka namba mahali pa x katika swali, weka namba hiyohiyo katika jibu, kisha linganisha. Zisipolingana, jibu lako lina kosa bila shaka yoyote.

Namba ninayoipendelea ni 10, kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi. Katika (3x − 5)(2x + 4), swali linakuwa 25 × 24 = 600. Jibu, 6x² + 2x − 20, linakuwa 600 + 20 − 20 = 600. Zimelingana. Kazi hii yote huchukua sekunde chache, na humpa mtahiniwa utulivu ambao hakuna kanuni ya kukariri inayoweza kumpa.

Namba tatu zikwepe. 0 huficha kosa la kipande cha kati, kwa sababu huvifuta vipande vyote vyenye x: ukiweka 0, (x + 6)² na x² + 36 zote hutoa 36, nawe utadhani umepatia. 1 huficha makosa ya kipeo, kwa kuwa x na x² huwa na thamani moja. Na 2 humficha yule aliyeandika 2x mahali pa x², kwani zote mbili huwa 4.

Kulingana kwa namba moja hakuthibitishi kabisa kwamba jibu ni sahihi, ingawa ni nadra kosa kupenya kwenye 10. Katika mitajo ya aina hii yenye herufi moja na kipeo kisichozidi 2, pande zikilingana kwa namba tatu tofauti, basi ni sawa daima, kwa sababu mitajo miwili tofauti ya namna hiyo haiwezi kulingana kwa zaidi ya namba mbili. Kwa swali lenye alama nyingi, inafaa kuitumia nafasi hiyo.

## Hatua ya 4: Mraba, uandike mabano mara mbili

Sasa turudi kwa (x + 6)². Kile 2 kidogo kilicho juu kinasema jambo moja tu: mabano haya yazidishwe kwa yenyewe. Basi yaandike hivyo, kwa mkono wako, kila mara:

(x + 6)² = (x + 6)(x + 6)

Baada ya hapo swali si geni tena. Ni lile la Hatua ya 2. Visanduku vinatoa x², 6x, 6x na 36, na jibu ni x² + 12x + 36. Hakiki kwa 10: 16² = 256, na 100 + 120 + 36 = 256.

Ili uone kilichopotea katika x² + 36, chora mraba kwenye daftari lako la miraba. Upande wake uwe na urefu wa x, kisha uurefushe kwa 6, na ufanye vivyo hivyo kwa upande unaokutana nao. Gawa umbo zima kwa mistari miwili. Kona moja ina mraba mkubwa wa x², kona inayoikabili ina mraba mdogo wa 36, na kati yao kuna mistatili miwili iliyolala pembeni, kila mmoja ukiwa na eneo la 6x. Anayeandika x² + 36 ameziacha nje kona mbili nzima za umbo lake. Nimeona wanafunzi waliolirudia kosa hili kwa muda mrefu wakaliacha kabisa baada ya kuuchora mchoro huu kwa mkono wao wenyewe, na ndiyo maana nakusihi uuchore badala ya kuusoma tu.

Onyo: kipeo huruhusiwa kuingia ndani ya mabano pale ambapo kilichomo kinazidishana. (6x)² ni 36x², na hilo ni sahihi. Kinapojumlishwa au kutolewa, kipeo hakigawanywi kwa vipande.

Utajua umefaulu pale jibu lenye vipande viwili litakapoanza kukutia shaka lenyewe, kabla hata hujalihakiki. Mraba wa mtajo wenye vipande viwili visivyofanana huwa na vipande vitatu.

## Hatua ya 5: Fupisha kwa kanuni, ukiwa umeshaizoea njia ndefu

Baada ya maswali kumi au kumi na tano ya njia ndefu, utaona kwamba visanduku viwili vya kati daima ni sawa. Hapo ndipo kanuni inapokuwa na maana:

(a + b)² = a² + 2ab + b²

(a − b)² = a² − 2ab + b²

Isome kwa maneno: mraba wa cha kwanza, zao la vyote viwili mara mbili, mraba wa cha pili. Kwa mtihani, kuikumbuka kwa maneno kunafaa zaidi kuliko kwa herufi, kwa sababu a na b hazitaonekana kwenye swali.

Chukua (3x − 4)². Cha kwanza ni 3x, na mraba wake ni 9x². Zao la 3x na −4 ni −12x, na mara mbili yake ni −24x. Mraba wa −4 ni 16. Jibu ni 9x² − 24x + 16. Kwa 10: 26² = 676, na 900 − 240 + 16 = 676.

Makosa matatu hujitokeza katika swali la namna hii, nayo yanafaa kutazamwa kwa karibu. Anayeandika 3x² ameipa herufi kipeo na kuisahau namba. Anayeandika −12x amezidisha vizuri lakini hakurudufu. Anayeandika −16 mwishoni ameiburuta alama ya kutoa mpaka mahali isipostahili kufika, ilhali mraba wa namba halisi hauwi hasi kamwe. Alama ya kutoa inaonekana katikati peke yake.

Pakiwa na herufi mbili, njia ni ileile: (2x + 5y)² = 4x² + 20xy + 25y².

### Alama na namba zilizo nje ya mabano

Hapa panahitaji utulivu. Katika 3(x − 2)², mraba hutangulia na 3 hufuata: kwanza x² − 4x + 4, kisha 3x² − 12x + 12. Anayeiingiza 3 ndani mapema akapata (3x − 6)² atakuwa ameizidisha kwa 9, maana 3 nayo imepata kipeo.

Vivyo hivyo, −(x + 2)² ni −x² − 4x − 4, kwa kuwa alama ya kutoa iko nje na inasubiri mraba umalizike. Lakini (−x − 2)² ni x² + 4x + 4, kwa kuwa alama zimo ndani na zimezidishwa zenyewe kwa zenyewe. Mitajo hii miwili hufanana machoni, na watungaji wa mitihani wanalijua hilo.

## Hatua ya 6: Mabano yanayotofautiana kwa alama tu

Katika (5x + 3)(5x − 3), visanduku vinatoa 25x², −15x, 15x na −9. Vipande vya kati vinafutana, na jibu ni 25x² − 9. Kwa ujumla, (a + b)(a − b) = a² − b². Kwa 10 utapata 53 × 47 = 2500 − 9 = 2491, ambayo pia ni njia nyepesi ya kuzidisha namba za namna hiyo kwa kichwa.

Tumia kanuni hii pale tu vipande vyote viwili vinapofanana na alama moja peke yake inapotofautiana. (x + 3)(x − 5) haistahili, kwa sababu 3 na 5 si sawa. Wala (x − 3)(3 − x) haistahili, ingawa wengi hunaswa nayo: hapo alama zote mbili zimegeuka, kwa hiyo mabano ya pili ni hasi ya yale ya kwanza, na jibu ni −(x − 3)², yaani −x² + 6x − 9.

## Hatua ya 7: Sura ambazo swali huja nazo

Mtihani hauulizi kila mara "fungua mabano". Mara nyingi mabano hufichwa ndani ya kazi nyingine, na hapo mazoea hupimwa kwelikweli.

Kutoa zao zima. Rahisisha (x + 5)² − (x + 2)(x + 8). Fungua kila upande, lakini zao la pili liache ndani ya mabano mpaka alama ya kutoa iwe imefanya kazi yake:

x² + 10x + 25 − (x² + 10x + 16)

= x² + 10x + 25 − x² − 10x − 16

= 9

Jibu ni 9, namba tupu, kwa thamani yoyote ya x. Mtahiniwa asiyeweka mabano katika mstari wa kwanza atatoa x² peke yake na kuvijumlisha vilivyobaki, akapata 20x + 41. Kuruka mstari mmoja kumeligharimu swali zima. Pale alama zinapotolewa kwa hatua, mstari huo ndio pia unaomwonesha msahihishaji kwamba ulielewa.

Kutafuta namba iliyofichwa. Iwapo x² + kx + 49 ni mraba kamili, yaani mraba wa mtajo wenye vipande viwili, k ni ngapi? Mwisho ni mraba wa 7 au wa −7, na kipande cha kati ni zao mara mbili, kwa hiyo k ni 14 au −14. Wengi huandika 14 na kusimama hapo.

Kutumia kanuni kinyume. Ukiambiwa a + b = 9 na ab = 14, utafute a² + b², huna haja ya kuzijua a na b. Kutokana na kanuni, a² + b² = (a + b)² − 2ab = 81 − 28 = 53. Swali hili hulipa vizuri, tena humtambua mara moja anayeamini kwamba (a + b)² ni a² + b², maana atajibu 81.

Ndani ya mlinganyo. Kwa (x + 2)² = (x − 1)(x + 8), fungua pande zote: x² + 4x + 4 = x² + 7x − 8. Vipande vya x² vinaondoka, 12 = 3x, na x = 4. Rudisha 4 kwenye swali la awali: 36 upande huu, na 3 × 12 = 36 upande ule.

## Hatua ya 8: Zoezi lenye majibu

Yafanye mara ya kwanza bila saa, kwa jedwali, ukihakiki kila moja kwa 10. Yarudie baada ya siku mbili kwa kanuni pale inapofaa, na safari hii tumia saa. Dakika moja kwa kila swali, pamoja na kuhakiki, ni mwendo mzuri. Swali la 7 lipe dakika mbili.

1. (x + 9)(x − 2)
2. (4x − 1)(3x − 7)
3. (x − 8)²
4. (5x + 2)²
5. (7 − 2x)²
6. (6x + y)(6x − y)
7. (2x − 3)² − (2x + 3)(2x − 3)

Majibu:

1. x² + 7x − 18
2. 12x² − 31x + 7
3. x² − 16x + 64
4. 25x² + 20x + 4
5. 49 − 28x + 4x²
6. 36x² − y²
7. −12x + 18

Ukikosa, usifute. Weka jibu lako kando ya lililo sahihi na utafute kisanduku kilichoharibika. Ukikosea swali la 2 kwenye kipande cha kati, huenda uliandika −25x, 25x au 31x, yaani alama ya kisanduku kimoja au vyote viwili iligeuka. Rudi Hatua ya 1. Ukiwa na −4x² katika swali la 5, umeuacha mraba ubebe alama ya kutoa. Na ukipata −12x au 8x² − 12x katika swali la 7, tatizo haliko kwenye mraba bali kwenye mabano uliyoyaondoa kabla ya wakati: andika upya mstari wenye −(4x² − 9), geuza alama ya kila kipande kilichomo, na ile −9 itatoka ikiwa +9.